Kumagai Tokuzo, Mkulima wa Chini ya Ziwa

3 Machi 1946 – 10 Septemba 2023

Ndugu, majirani na wageni wote mliofika Hinonuma leo, Jumamosi tarehe 28 Oktoba 2023, siku ya arobaini na tisa tangu Babu atutoke, asanteni kwa kuja. Bibi ameniomba mimi, mjukuu wake Nagisa, nisome wasifu huu kabla majivu hayajawekwa kaburini. Amekwisha kuusoma. Alifuta sentensi mbili, na moja nimeirudisha kwa ruhusa yake.

Marehemu Kumagai Tokuzo alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Kamikosawa, milimani mwa mkoa wetu wa Akita. Alikuwa mtoto wa nne, na wa tatu kwa wavulana, wa marehemu mzee Kumagai Yosaku, mchoma mkaa, na marehemu mama Tsune. Theluji ya mwaka huo ilikuwa imepanda kupita madirisha, kwa hiyo mkunga aliingilia darini. Babu alikuwa akisema kwamba mtu wa kwanza kumwona hapa duniani alimshukia kutoka juu kama fundi wa paa. Nyumbani kwao ardhi ilikuwa ya kaka mkubwa. Kaka wa pili aliwekwa kama akiba, na wa tatu aliambiwa mapema, tena kwa upole, aanze kuitazama barabara.

Alisoma shule ya msingi ya Kamikosawa kuanzia mwaka 1952, kisha shule ya kati hadi Machi 1961. Alikuwa hodari wa kupima. Mwalimu wao aliwafundisha kupima misitu kwa kamba yenye mafundo, na Babu akapima kila kitu alichokifikia: daraja, ua wa hekalu, na ng'ombe wa jirani, ambaye alimpima mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alisogea. Hakuendelea na masomo. Miaka sita mfululizo, theluji ilipoanza kuanguka, alipanda treni kwenda Tokyo kuchimba njia za treni za chini ya ardhi, na ilipoyeyuka alirudi kumsaidia kaka yake kupandikiza mpunga. Alisema kwamba hapo ndipo alipojizoeza kuishi chini, kwanza chini ya udongo, halafu chini ya maji.

Mwaka 1968 serikali ilikuwa imemaliza kulikausha ziwa Hinonuma. Ilitangaza kwamba inatafuta watu wa kulima pale palipokuwa na maji, na kila atakayechaguliwa angepewa hekta kumi. Kwa mvulana wa tatu wa mchoma mkaa hekta kumi zilikuwa kama kupewa mwezi. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, mtihani wa trekta, na mahojiano. Wazee watatu waliovaa tai walimuuliza kwa nini anataka kulima kwenye sakafu ya ziwa. Babu aliwajibu, "Kwa sababu ziwa halina kaka mkubwa." Mmoja wao alicheka mpaka akavua miwani. Jina la Babu lilitoka la kumi na tisa.

Alihamia hapa tarehe 6 Novemba 1969. Waliohamia walipewa nyumba zenye mapaa ya rangi, na paa lake lilikuwa la buluu. Siku hiyohiyo paa la kijani upande wa mashariki lilipata mwenyewe, Odashima Genji, kijana wa pwani ya Noshiro, mrefu, mwenye maneno mengi. Wawili hao walinunua trekta moja kwa ushirika. Mara ya kwanza walipoiingiza shambani, tope la ziwa liliimeza mpaka kwenye kiti. Babu alikimbia kutafuta mbao. Aliporudi alimkuta Odashima amekaa kwenye kile kiti, amezungukwa na tope, anatafuna figili zilizokaushwa kwa moshi. Alisema, "Tulia, Tokuzo. Labda itaota." Siku tatu walikuwa wakiichimbua, na walipoitoa walikuwa marafiki.

Miaka hiyo ya mwanzo majembe yalikuwa yakifukua makombe ya kome mengi kuliko mawe. Babu aliota ndoto moja tena na tena. Anatembea kwenye majaruba yake, mpunga umekomaa, na samaki wanapita katikati ya mabua taratibu, kama watu waliowahi sokoni. Hawamwogopi. Mmoja anasimama, anamtazama, halafu anaendelea na safari. Akiamka asubuhi alilala kimya kwanza na kusikiliza. Mlio wa pampu ya kunyonya maji ya ziwa ukiwepo, alijua maji bado yako upande wa nje wa tuta, na kwamba yeye bado ana shamba.

Tarehe 18 Aprili 1971 alifunga ndoa na Bibi yangu, Fumino, binti wa mzee Kodama Rihei, ambaye alikuwa mvuvi wa ziwa hilohilo kabla halijakaushwa. Babu alipokwenda kuposa, mzee Kodama alimmiminia kinywaji, akamwonyesha kwa kidole kupitia dirishani na kumwambia kwamba jaruba lake la saba liko mahali alipokuwa akitega nyavu zake bora. Babu akaomba msamaha. Mzee akamwambia, "Usiniombe msamaha mimi, waombe samaki. Binti mchukue." Walijaliwa watoto wawili, mama yangu Chizuru mwaka 1973 na mjomba Masanori mwaka 1976. Bibi anasema katika ndoa yao ya miaka hamsini na miwili Babu hakuwahi kumpandishia sauti, isipokuwa siku Bibi alipokata bila kujua kamba yake ya kupimia ili afunge kabichi.

Sasa nimefika kwenye kazi yake, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili nimeulizia tangu nikiwa mdogo na bado linanishangaza. Mwaka 1970, mwaka uleule Babu alipopandikiza mpunga wake wa kwanza, serikali iliyompa ziwa ili alime mpunga ilimwomba asilime mpunga mwingi. Maghala ya nchi yalikuwa yamejaa. Mchele wa nje ulikuwa umefungiwa mlango, na ili bei ya wa ndani isianguke, mkulima alilipwa ruzuku kuacha sehemu ya majaruba yake wazi, au kupanda soya. Kila kijiji kilipewa kiasi chake. Kijiji kizima kikitii, wote wanapata. Mmoja akizidisha, wote wanakosa.

Katika majira ya joto ya mwaka 1978 kijiji chetu kilikuwa kimezidisha, na amri ikaja kwamba mpunga uliozidi ukatwe ukiwa bado kijani. Babu aliukata wake kwa mundu ingawa mashine ilikuwepo. Ulikuwa unachanua siku hiyo. Bibi anasema harufu yake ilikaa kwenye nguo mpaka vuli, na kwamba Babu aliporudi nyumbani alilala siku mbili, hakuugua wala hakulalamika, alilala tu. Kuanzia hapo aliona kwamba ni afadhali watu wazuiwe mapema kuliko kukata baadaye. Mwaka 1980 alikubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya upimaji ya kijiji. Kila Juni alizunguka na kamba yake ya katani ya mita hamsini, mpya, yenye mafundo, na kuhakikisha hakuna aliyepanda kupita kiasi. Wengi wenu mlikuwa mkimwita Bwana Kamba, na nasikia wengine mlimwita hivyo hata mbele yake.

Sentensi niliyoirudisha ni hii: Babu alimkosea rafiki yake.

Ilikuwa tarehe 24 Juni 1987. Mvua za masika ya kwetu zilikuwa zimeshika siku tano. Mashamba mengine yote yalikuwa yamepimwa kukiwa kukavu, na lilibaki jaruba kubwa la mzee Odashima. Aliruhusiwa mita za mraba elfu nane. Kamba ya Babu, iliyokuwa imelowa tangu asubuhi, ilisema elfu nane na mia nane na kitu. Babu alirudia hesabu na majibu yakawa yaleyale. Alimwangalia Odashima, na Odashima aliangalia mtaro. Hakubisha. Alisema tu, "Kama kamba imesema, imesema." Babu aliandika alichokiona, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika alichokiona. Mwaka huo kijiji kizima kilikosa nyongeza ya ruzuku.

Mnajua kilichofuata, kwa kuwa wengine mlikuwepo ukumbini. Desturi ya zamani inasema kwamba aliyekiumiza kijiji hutengwa katika mambo yote, isipokuwa mawili. Nyumba yake ikiwaka moto watu watazima, na kwake kukitokea msiba watu watazika. Hakuna aliyelitamka neno la kutengwa. Watu waliacha tu kumwitikia. Miche yake ilipochelewa hakuna aliyekwenda kumsaidia. Mkutano ulipopiga kura ya kumwondoa katika kazi za pamoja, mkono wa Babu ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa. Kijana wa mzee Odashima, aliyekuwa akisoma darasa moja na mjomba Masanori, alihamia Sendai alipomaliza shule na hakurudi. Trekta waliigawana kwa kumwachia mmoja trekta na mwingine jembe lake, jambo ambalo halikumfaa yeyote.

Mwaka 1993 kiangazi hakikuja. Wingu lilikaa juu ya Hinonuma Julai yote, na mashuke yalisimama wima kwa sababu hayakuwa na kitu ndani. Nchi iliyokuwa ikilipa watu wasilime ilijikuta haina mchele. Mchele wa Thailand uliletwa kwa meli. Babu, ambaye miezi michache kabla alikuwa amekwenda Tokyo na ushirika wa wakulima kuandamana, amejifunga kitambaa kichwani kilichoandikwa kwamba haitaingia hata punje moja, alikuta punje hizo jikoni kwake. Bibi alizikaanga na yai na vitunguu. Babu alikula. Akasogeza bakuli, akaongezewa. Hilo pia Bibi alitaka kulifuta, nikamwambia hakuna aliyeshiba kwa aibu.

Desemba mwaka huohuo, huko Geneva, mataifa yalimaliza mazungumzo yao marefu ya biashara. Wakubwa wa dunia walikuwa wamesema kwamba ruzuku kwa wakulima na kuta mipakani zinawaonea wakulima wa nchi nyingine. Nchi yetu ilitia saini kwamba kuanzia mwaka 1995 itaingiza kiasi fulani cha mchele wa nje, na kwamba kiasi hicho kitaongezeka mwaka hadi mwaka. Ilitia saini, halafu haikutaka mchele huo ushushe bei ya mchele wa kina Babu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya magunia yalipofika yaliwekwa kwenye maghala yalale, mpaka yatakapouzwa kwa watengeneza biskuti za mchele na chakula cha mifugo, au yapelekwe kama msaada nchi za mbali. Ghala moja lilikodiwa kando ya bandari, nusu saa kutoka hapa. Lilihitaji mtunzaji mwangalifu. Babu aliomba kazi hiyo, akapewa.

Wapo waliomwambia kwamba ameuza kitambaa chake cha kichwani. Yeye alijibu kwamba punje zimekwisha kuingia, angalau zitunzwe na mtu anayejua mpunga. Kwa miaka kumi na tisa, tangu Mei 1995 hadi Machi 2014, asubuhi alilima sehemu ya shamba aliyoruhusiwa kulima, na mchana alitunza mchele usioruhusiwa kuliwa.

Nilikuwa na miaka saba aliponipeleka humo, wiki yake ya mwisho kazini. Nakumbuka magunia yaliyopanda mpaka gizani juu, na ubaridi, na harufu kama ya nyasi zilizosahaulika. Babu alitembea katikati yake akiyasalimia kwa nchi yalikotoka, Thailand hujambo, California hujambo, Australia hujambo, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni wodi ya hospitali. Nilimuuliza kama Australia hajambo kweli, akaniambia ana unyevu kidogo. Kisha nikamuuliza swali ambalo nimeendelea kuliuliza. Nilisema, "Babu, wewe unalipwa usilime. Na huu unalipiwa usiliwe?"

Babu alikaa juu ya gunia. Alisema, "Kawaulize Geneva. Wakikujibu, njoo uniambie."

Lakini ghala lilikuwa limemjibu swali jingine, miaka mingi kabla ya hapo. Mwezi Februari 1997 alikuwa akipanga magunia, na alitumia ileile kamba yake ya katani kupima nafasi ya kupitisha hewa ukutani. Sakafuni palikuwa na mstari wa rangi uliopimwa na mafundi kwa mkanda wa chuma, mita hamsini kamili, na kamba ikiwa kavu ililingana nao sawasawa. Jioni bomba la maji liliganda na kupasuka, kamba ikalowa. Kesho yake Babu aliitandika tena juu ya mstari uleule. Ilikuwa fupi kwa mita mbili na nusu.

Alisimama pale mpaka dereva wa lori alipopiga honi mara ya tatu. Kamba ikilowa hujikunyata, na kamba fupi huhesabu mafundo mengi kwenye shamba lilelile. Hakuhitaji kalamu. Elfu nane ilikuwa elfu nane. Odashima hakuwa amezidisha hata bua moja katika jaruba lile.

Babu hakusema kitu. Nimeambiwa wasifu wa marehemu si mahali pa jambo kama hili, ila yeye mwenyewe, akiwa kitandani, aliniambia niliandike bila kulikwepa. Alisema kila asubuhi alikusudia kuvuka mtaro na kwenda kwenye paa la kijani, na kila asubuhi alikumbuka kwamba kijiji kizima kiliamini mkono wake. Mwezi Novemba 2004 mke wa mzee Odashima, mama Kiyo, alifariki. Kwa kuwa ni msiba, kijiji kizima kilikwenda. Watu walibeba jeneza, wakafukiza ubani, wakainama, halafu wakavaa viatu na kuondoka bila kugusa chai iliyokuwa imeandaliwa. Babu aliondoka nao. Bibi anasema alipofika nyumbani alikaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake, hakuvivua mpaka alipoitwa kula.

Mwaka 2018 serikali iliacha kugawia vijiji viwango vya mpunga. Tarehe 9 Machi mwaka huo mkutano uliitishwa ukumbini kuvunja kamati ya upimaji. Babu alikuwa na miaka sabini na miwili. Ilibaki tu kupiga makofi na kwenda kula wali wa kuchoma kwenye kijiti. Mzee Odashima alikuwepo pia, nyuma kabisa karibu na mlango, kwa kuwa miaka ya karibuni watu walikuwa wameanza kumwitikia tena bila kukumbuka kwa nini waliacha. Babu alisimama. Alieleza habari ya mvua ya siku tano, na ya bomba lililopasuka, na ya mita mbili na nusu. Alisema amejua kwa miaka ishirini na moja. Kisha akamgeukia mzee Odashima, akapiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka sakafuni.

Mzee Odashima alitoka nje.

Babu alihesabu kwamba amejibiwa. Alisema alistahili, na hakutaka mtu amlaumu Odashima. Ila tangu siku hiyo aliacha kula akiwa ameelekea dirisha la mashariki.

Mwezi Oktoba 2022 alianza kulalamika tumbo. Tarehe 14 Novemba madaktari wa mjini Akita walimkuta na saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Alikataa upasuaji akaomba kurudi nyumbani, mahali anapoweza kusikia pampu. Tulimwekea kitanda sebuleni. Ndipo nilipompelekea nilichojifunza shuleni mwaka huu, kwamba huko Geneva ruzuku za wakulima hupangwa katika masanduku ya rangi. Sanduku moja la manjano iliyokolea ni la ruzuku zinazomsukuma mkulima azalishe zaidi, na hizo lazima zipunguzwe. La kijani ni la zile zisizomsumbua mfanyabiashara yeyote. La buluu ni la malipo ya kumfanya mkulima azalishe kidogo. Nilimwambia kumbe kwa miaka mingi alikuwa ndani ya sanduku la buluu. Alifumba macho, akasema rangi hiyo aliiona sana ndotoni, ila alidhani ni maji.

Tarehe 19 Agosti mwaka huu, saa nne asubuhi, mzee Odashima alisimama mlangoni kwetu. Ilikuwa miaka thelathini na sita tangu aukanyage ua ule.

Bibi alimkaribisha ndani. Mzee akasema amekuja na viatu vya shamba. Bibi akamwambia, "Basi vivue, shemeji. Au umesahau jinsi vinavyovuliwa?"

Aliketi kando ya kitanda. Mimi nilikuwa nikimpepea Babu, na hakuna aliyeniambia nitoke. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya mkeka.

Babu ndiye aliyeanza. "Umekuja kunipima, Genji?"

"Nikupime nini? Umebaki kijiti cha kuchomea wali."

"Wewe pia meno yamekuhama."

"Yalichoka kusikiliza." Mzee Odashima alisugua magoti yake. "Siku ile ukumbini nilitoka."

"Nilikuona."

"Ukadhani nimekasirika."

"Usingekasirika ningekushangaa."

"Nilitoka kwa aibu, Tokuzo. Nilikuwa nimezidisha kweli."

Babu aligeuza kichwa juu ya mto. Mzee Odashima aliendelea huku akiongea na mkeka. Alisema haikuwa kwenye jaruba lile kubwa. Ilikuwa nyuma ya matete, kando ya mtaro wa pampu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifika. Mistari kumi na minne ya mpunga wa kunata. Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa hai, alikataa vitonge vya Mwaka Mpya vya dukani kwa kuwa alidai vina ladha ya karatasi.

"Kwa nini hukubisha?" Babu aliuliza. "Ulikuwa umesimama palepale. Ulijua kamba imekosea."

"Ningebisha, ungerudia kupima. Na wewe ukianza kurudia huachi mpaka ufike baharini. Ungefika nyuma ya matete." Alichokonoa mkeka kwa kidole. "Kwa hiyo nikasema kamba imesema. Halafu mwaka ukapita, na mwingine, na Kiyo akafa, na nikaona nimechelewa. Ulipopiga magoti mbele ya watu kwa kosa ambalo nusu yake ni langu, nilishindwa kukutazama."

"Miaka thelathini na sita, Genji."

"Thelathini na sita."

"Kwa mistari kumi na minne."

"Kumi na mitatu na nusu. Mmoja uliliwa nusu na bata."

Babu alianza kucheka. Alicheka bila sauti, kwa mabega tu, kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma, na mzee Odashima naye akaanza, na Bibi aliyekuwa jikoni alikuja kuona nani analia. Walipotulia Babu alimuuliza vile vitonge vilikuwaje. Mzee Odashima alisema vilikuwa vitamu sana, na kwamba kila alipovitafuna alimkumbuka yeye, jambo lililoharibu ladha.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi. Hawakuzungumza mengi. Mzee Odashima alimweleza mpunga umefikia wapi, jaruba kwa jaruba, ameketi ameelekea dirisha, na Babu alisikiliza macho yakiwa yamefumba. Tarehe 10 Septemba 2023, Jumapili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, alikuwa amefika kwenye jaruba la saba, anaeleza kwamba mashuke yameinama na ukungu bado umekaa juu yake, alipogundua kwamba Babu haitikii. Aliendelea kueleza mpaka jaruba la kumi, ndipo akamwita Bibi. Babu alikuwa na umri wa miaka sabini na saba, miezi sita na siku saba.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye, jioni ya siku iliyotangulia, aliniambia kwamba bado hajaelewa kwa nini dunia inashindwa kupanga nani alime na nani ale, ila yeye na Genji walishindwa kupanga jaruba moja, na wao walikuwa wawili tu na walikuwa wanapendana.

Marehemu Kumagai Tokuzo ameacha mke, Fumino. Watoto wawili, Chizuru wa hapa Hinonuma na Masanori wa Morioka. Mkwe mmoja, Shingo. Wajukuu watatu, mimi Nagisa, Takumi na Honoka. Dada mmoja, Tomie, wa Kamikosawa. Na hekta kumi, ambazo mwakani mama atazipanda zote.

Jumatatu iliyopita mzee Odashima alikuja kumuuliza Bibi kama orodha hii ni ya watu wa damu peke yake. Bibi alimjibu kwamba mume ni wake, orodha ni yake, na ataandikwa amtakaye. Kwa hiyo, mbele yenu nyote, ameandikwa hapa kama alivyotaka kusomwa: ameacha pia rafiki, Odashima Genji.

Usingizi wake uwe mtulivu.